Kampuni na Jirani Zake: Habari za Kongolo na Kalemie

Kongolo, mji wa kando ya mto Lualaba katika jimbo la Tanganyika, ni mji ambao kampuni iliufanya uwe mji. Wahemba walikuwako kabla ya kampuni, na misafara ya Waungwana kutoka Nyangwe na Kasongo ilikuwa imekwisha kukieneza Kiswahili katika nchi ile, hata kikawa lugha ya soko na ya nyumbani mpaka leo. Lakini stesheni, gati ya mto, nyumba zilizopangwa kwa mistari, na watu wa makabila mbalimbali waliokuja kukaa mlango kwa mlango kwa sababu ya kazi, hayo yaliletwa na reli. Mto ndio uliolazimisha. Kutoka Kongolo kushuka kuelekea Kindu maji ya Lualaba hupita katika magenge na maporomoko ambayo wageni wa Kizungu waliyapa jina la Milango ya Jehanamu, mahali ambapo hakuna chombo kipitacho salama. Na kwa ajili hiyo kampuni ya CFL, iliyoasisiwa mwaka 1902 na Édouard Empain wa Ubelgiji, tajiri yule yule ambaye kampuni yake ilijenga reli ya chini ya ardhi ya Paris, ililaza reli ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, kisha ikalaza nyingine kutoka Kabalo hadi Albertville, ambayo leo huitwa Kalemie, ikafika kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1915, na mwaka 1939 Kongolo na Kabalo nazo zikaunganishwa. Kwa kazi hiyo dola ya mfalme Leopold iliipa kampuni hekta milioni 4 za ardhi pamoja na haki za madini, na katika mapatano hayo wenye ardhi hawakuulizwa neno.

Nimeanza na habari hiyo ya kale kwa sababu jambo linalozungumzwa sana siku hizi katika ofisi na magazeti, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, aghalabu huelezwa kana kwamba limeshushwa juzi kutoka melini, ilhali watu wa Kongolo wameishi nalo, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake, zaidi ya miaka mia. Maana yake kwa maneno mepesi ni kwamba kampuni, juu ya kulipa kodi na kutii sheria, ina dhima kwa watu inaoishi nao jirani, kwa wale wanaoitumikia, na kwa maji na ardhi inayovitumia. Na tawi moja la dhima hiyo, ambalo ndilo ninalotaka kulishughulikia zaidi, ni kuwashirikisha wafanyakazi wenyewe, kwa saa zao na kwa ujuzi wao, katika kazi za manufaa ya watu wote. Mmarekani Howard Bowen aliandika kitabu juu ya majukumu ya mfanyabiashara kwa jamii mwaka 1953. Na mwaka 1970 mwanauchumi wa nchi hiyo hiyo, Milton Friedman, akaipinga fikira hiyo katika jarida la gazeti la New York Times, akishika kwamba wajibu wa kampuni ni kuwapatia faida wenye hisa maadamu haivunji sheria wala haidanganyi. Ubishi huo haujaisha. Lakini ni ubishi wa watu ambao serikali yao ndiyo iliyojenga barabara na shule zao. Mahali ambapo kampuni ndiyo iliyojenga, kisha kampuni ikafa au ikafukarika, swali huwa la namna nyingine.

Pwani yetu ililijua jambo hili kwa sura ya sadaka na wakfu. Tharia Topan, tajiri wa Unguja, alitoa mali yake ili ijengwe zahanati ile kubwa inayotazama bandari, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na ambayo yeye mwenyewe hakujaliwa kuiona imekwisha. Na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuwapatia wapagazi na bidhaa wasafiri waendao bara, alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam na nyumba ya shule Bagamoyo, akitaka milango yake iwe wazi kwa watoto wa kila taifa. Insafu yataka tuseme kwamba sehemu ya utajiri wa misafara ile ilitoka huku huku, katika pembe za ndovu za Manyema na nchi za Lualaba, na kwamba hospitali haikujengwa Lualaba. Hata hivyo watu wale walikuwa na nafsi, na waliitakidi kwamba iko siku ya hesabu. Kampuni haina nafsi, haizikwi wala haingoji kiyama. Wakurugenzi wake hubadilika, hisa zake huuzwa kwa siku moja katika mji ambao hakuna mtu wa Kongolo aliyepata kuuona, na ahadi iliyotolewa na meneja mwema hufunga safari pamoja na meneja. Ndiyo maana ihsani ya kampuni isipoandikwa mahali haina wa kuirithi.

Katika Kongo ya Wabelgiji ihsani ya kampuni haikuwa sadaka, ilikuwa hesabu. Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona katika miaka ya 1920 kwamba kuajiri watu wapya kila mara kutoka mbali, wengi wakifa na wengine wakitoroka, ni gharama kubwa kuliko kumkalisha mfanyakazi pamoja na mkewe na watoto wake karibu na mgodi. Basi ikajenga kambi, ikagawa posho, ikafungua shule na hospitali, na kwa kufanya hivyo ikapata watoto waliokua wakiijua kazi kabla ya kuandikwa kazini. Ni kweli kwamba watoto wengi walisoma na wagonjwa wengi walipona. Ni kweli vile vile kwamba wafanyakazi walipoomba nyongeza ya ujira katika siku za vita, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, ambayo leo huitwa Lubumbashi, tarehe 9 Desemba 1941, askari waliwapiga risasi na makumi yao wakauawa. Mtu aliyepewa nyumba, posho, shule na dawa, lakini akanyimwa sauti ya kutaja thamani ya jasho lake, alikuwa bado ni mtu anayefugwa. Na hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila kampuni inayojisifu kwa mema yake ingefaa kulikumbuka.

Serikali ilipoitwaa kampuni hiyo mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, watu waliendelea kusema kwamba ndiyo baba na ndiyo mama. Mwaka 1974 reli nazo zikaunganishwa kuwa shirika moja la serikali, lile ambalo leo ni SNCC, na CFL ya zamani ikamezwa humo pamoja na hospitali na shule zake. Kisha wazazi hao wakaugua. Gécamines ilianguka katika miaka ya 1990, na katika mwaka wa 2003 na wa 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaagwa kwa malipo ya mkupuo mmoja chini ya mpango uliosimamiwa pamoja na Benki ya Dunia. Upande wa reli, vita vya 1998 hadi 2003 viliikata njia, na hata baada ya treni kurudi, wafanyakazi wa SNCC waliendelea kudai mishahara ya miezi mingi, hata mstaafu akafa akiwa bado mdai. Fikiri maana yake katika mji kama Kongolo: ujira unapokoma, haukomi kwa mfanyakazi peke yake, unakoma kwa muuza dagaa, kwa fundi cherehani, kwa mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa ukitokana na ada za wazazi, kwa zahanati ambayo wagonjwa wake walikuwa wakilipiwa na reli. Mji wote ulikuwa umetundikwa kwenye msumari mmoja.

Na iko kazi ya umma ambayo watu wa umri wangu hawakuisahau, nayo ni salongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliagiza kwamba raia wote, na wafanyakazi wa ofisi na wa kampuni wakiwamo, watoke siku maalumu kufyeka majani, kufagia barabara na kulima mashamba ya pamoja. Fikira yenyewe haikuwa mbaya, kwa kuwa tangu zamani watu wa vijiji vyetu walikuwa wakijengeana nyumba na kulimiana mashamba pasipo kuulizana malipo. Lakini jambo la hiari lilipotiwa askari nyuma yake na daftari la mahudhurio mbele yake, likageuka kuwa kazi ya shokoa, ile ile ambayo wazee walikuwa wameionja katika mashamba ya pamba ya kulazimishwa wakati wa Wabelgiji. Kwa hiyo meneja wa leo anayewaita watu wake siku ya Jumamosi kuja kusafisha soko, akashangaa kuwaona wanakuja kwa nyuso zilizokunjamana, asidhani kwamba hawaipendi jamii yao. Wanakumbuka, au wamesimuliwa na waliokumbuka.

Rai yangu, basi, ni kwamba kampuni isiyomlipa mfanyakazi wake kwa wakati haina ruhusa ya kumwomba ajitolee, na kampuni inayomlipa lakini inamshurutisha kujitolea imeiba siku yake ya mapumziko. Hayo mawili yakiisha kutimizwa, ndipo mfanyakazi anapokuwa hazina ambayo fedha haiwezi kuinunua, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee aliye ndani ya kampuni na ndani ya mtaa kwa wakati mmoja: anajua ghala lina nini, na anajua kisima kipi kimeharibika.

Sheria imejaribu kuushughulikia upande wa fedha. Kanuni ya Madini ya Kongo, iliyotungwa mwaka 2002, ilirekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018, na marekebisho hayo yaliingiza mambo mawili yanayowahusu wenyeji. La kwanza ni daftari la masharti, yaani mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi baina ya kampuni ya madini na watu wanaoguswa na mgodi, ukitaja miradi, gharama na nyakati za kuitimiza. La pili ni fungu la asilimia 0.3 ya mauzo ya kila mwaka, angalau, ambalo kampuni lazima ilitenge kwa maendeleo ya wenyeji hao, lisimamiwe na chombo ambamo wajumbe wa kampuni na wajumbe wa wenyeji hukaa meza moja. Angalia kwamba sheria inasema mauzo, haisemi faida. Na waliotunga walikuwa na busara, kwa kuwa faida ni kitu ambacho mhasibu hodari aweza kukipunguza hadi kikatoweka, ama mauzo yanaonekana na yanapimwa mpakani.

Hebu tuhesabu. Mgodi wa bati uliouza madini ya dola milioni 200 kwa mwaka lazima utenge dola 600,000 katika fungu hilo. Mbali na fungu hilo hulipa mrabaha, ambao kwa madini ya namna hiyo ni asilimia 3.5, yaani dola milioni 7. Na katika mrabaha huo sheria huipa serikali kuu nusu, jimbo asilimia 25, eneo lenye mgodi asilimia 15, na mfuko wa vizazi vijavyo asilimia 10, hivi kwamba usultani au sekta ambamo mgodi umo hustahili kupata dola 1,050,000. Hizi si sadaka, na mtu anayezishukuru kama sadaka amepotoshwa. Manono, mji wa jimbo letu hili ambao kampuni ya Géomines iliuchimba bati tangu wakati wa Wabelgiji, ikautia umeme kutoka maporomoko ya Piana Mwanga katika mto Luvua, kisha ukabakiwa na mashimo na giza, leo una lithiamu ambayo kampuni za nje zimeigombania mbele ya mahakama za usuluhishi. Na wazee wa Manono ambao hawajasoma vifungu hivi wana haki ya kusomewa, kwa Kiswahili, kabla mtu hajawaletea kalamu ya kutia sahihi.

Nchi nyingine zimekwenda njia zao. Tanzania mwaka 2017 iliongeza katika sheria yake ya madini sharti kwamba kila mwenye leseni atunge kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana juu yake na serikali ya mtaa. Na India, kwa sheria yake ya makampuni ya mwaka 2013, imeziwajibisha kampuni kubwa za kila aina kutumia asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu katika mambo ya umma. Sheria ya Kongo inaishika migodi, wala haiishiki reli, wala kampuni ya simu, wala benki, wala mfanyabiashara mwenye malori na mitumbwi ya injini. Katika Kongolo, ambako watu huishi kwa kilimo, kwa mawese, kwa samaki, kwa reli na kwa biashara ya mto, sehemu kubwa ya wajibu huu ingali mikononi mwa hiari ya kampuni zenyewe.

Sasa nataka kukaa kidogo Kalemie, mji mkuu wa jimbo, kwa sababu huko ndiko nionako mfano ulio karibu nasi wa kampuni kutoa watu wake na si fedha zake peke yake, na mfano wenyewe unahusu uhai na mauti. Kipindupindu kiliingia katika miji ya ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo hakikutoka. Mtafiti wa Kikongo Didier Bompangue na wenzake, walipofuatilia mlipuko mmoja baada ya mwingine kwenye ramani, walionyesha kwamba ugonjwa huu hauvamii nchi nzima kwa wakati mmoja: una makao yake, nayo ni miji michache ya kando ya maziwa, Kalemie na Uvira ikiwamo, ambako hutulia miezi ya utulivu na kutoka huko hupanda treni, mitumbwi na malori kwenda kwingine. Kongolo, iliyo kwenye njia hizo hizo za reli na za maji, imeupokea mara nyingi. Maana ya uchunguzi huo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana karatasini, kwa kuwa ikiwa ugonjwa una makao machache, basi mtu aweza kuyashughulikia makao.

Na dawa ya makao ni maji ya bomba. Watafiti waliochunguza daftari za Uvira za mwaka 2009 hadi 2014, wakilinganisha kiasi cha maji yaliyosukumwa kila siku na idadi ya wagonjwa waliopokewa katika kituo cha kipindupindu, walikuta kwamba siku ambayo bomba linakauka hufuatiwa, kwa muda wa siku 12, na ongezeko kubwa la wagonjwa. Jambo lenyewe halihitaji elimu ya juu kulifahamu. Umeme ukikatika, pampu za Regideso, shirika la maji la serikali, husimama; pampu zikisimama, mama mwenye watoto huchukua ndoo yake akaenda ziwani au mtoni, mahali pale pale ambapo mwingine ameoga, amefua na pengine amefanya haja; na vijidudu vya kipindupindu, ambavyo huweza kuishi katika maji hayo, humrudia nyumbani ndani ya ndoo. Nilisimama siku moja kwenye robine ya mtaa katika Kalemie nikaona madumu ya manjano yamepangwa foleni mpaka mbele ya duka la tatu, kila moja limefungwa kitambaa cha rangi yake ili lisipotee, wenyewe wamekwenda zao kupika. Na foleni ile, kwa mtu anayejua habari ya Uvira, ni kipimo cha ugonjwa kama ilivyo kipimajoto hospitalini.

Kampuni niliyoikusudia ni Veolia, kampuni ya Kifaransa ya maji, nayo ina taasisi yake ya hisani iliyoundwa mwaka 2004, ambayo pamoja na fedha hutumia kundi la wafanyakazi wa kampuni waliojiandikisha kwa hiari: mafundi wa pampu, wachoraji wa mabomba, wajuzi wa kupima maji. Mfanyakazi akiitwa, huachiwa kazi yake kwa muda, kampuni ikiendelea kumlipa mshahara, huenda mahali palipopata msiba au penye mradi wa siku nyingi, kisha hurudi. Taasisi hiyo imeshirikiana na Regideso na wakuu wa afya wa Kongo katika Kalemie na katika Uvira kutengeneza mitambo, kurefusha mabomba na kujenga robine za mitaa. Nasema hili pasipo kuifanya kampuni hiyo walii. Ni kampuni ya biashara, jina lake hupata nuru kwa kazi hiyo, na vijana wake hupata mafunzo ambayo hawangeyapata Paris. Lakini hebu tazama namna jambo lilivyopangwa. Mtu aliyetumwa hakuja kupaka rangi ukuta. Alikuja kufanya kazi ile ile anayoifanya kila siku kwao. Ujira wake haukukatwa. Na hakuja badala ya fundi wa Regideso, bali kando yake, na huyo wa Regideso ndiye anayebaki na bomba wakati mgeni amekwisha kupanda ndege.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linaloharibika mara nyingi. Kazi nyingi za kujitolea za wafanyakazi ninazozisoma katika magazeti ya Afrika Mashariki ni za siku moja: fulana zenye nembo, ndoo za rangi, miche ya miti, hotuba, picha, na chakula cha mchana. Sizidharau nia zake. Lakini ukuta wa shule uliopakwa rangi na watu wa benki ungeweza kupakwa na mpaka rangi wa mtaani aliyekosa kazi mwezi mzima, kwa sehemu ndogo ya fedha zilizonunua fulana; na mche usiokuwa na wa kuumwagilia wakati wa kiangazi ni mche uliouawa mbele ya kamera. Mfano ulio bora katika jirani zetu ni ule wa mgodi wa dhahabu wa Geita, Tanzania, ambao tangu mwaka 2002 umekuwa ukiendesha safari ya kupanda mlima Kilimanjaro kila mwaka, wafanyakazi wakiwamo, ili kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI. Safari hiyo ina sherehe zake na picha zake, lakini imedumu, na kudumu kwake kumeifanya iwe mfuko unaotegemewa.

Turudi Kongolo, tuchukue kitu kimoja kidogo, kisima cha pampu ya mkono. Shirika fulani hukichimba, hukisimikia pampu, huandika jina lake juu ya saruji, na mwaka wa kwanza watu hunywa. Ndani ya silinda, chini kabisa, mna vipande vya mpira vinavyobana maji ili yapande. Vipande hivyo huchakaa kwa kutumika, wala havigharimu kitu cha kutisha, lakini kuvibadilisha kunataka kuvuta mafimbo yote ya chuma kutoka ardhini, kwa ufunguo maalumu, na mtu anayejua fimbo ipi hufuata ipi. Mpira ukiisha, mpini huwa mwepesi mkononi na maji hayaji. Pampu husimama, na kijiji hurudi mtoni. Haikuharibika kwa kukosa maelfu ya dola. Iliharibika kwa kukosa kipande cha mpira, ufunguo na mtu. Sasa, katika mji ambao vizazi vitatu vya mafundi vilifunga na kufungua nati za mabehewa, mtu huyo hakosekani. Yuko; pengine amestaafu, pengine analipwa na kampuni fulani kwa kazi nyingine. Kinachokosekana ni mwajiri wa kusema: asubuhi mbili za kila mwezi, kwa mshahara wako, utazunguka visima hivi, ufunguo ni huu, na vipuri vitatoka katika ghala letu.

Wafanyabiashara wa Kongolo watajibu kwamba wao si migodi wala si Veolia, na kwamba duka lenye watu 6 haliwezi kumwachia mmoja. Nakubali. Lakini watu 6 wa duka wanaishi katika mitaa 6, na mtunza hesabu wa duka aweza kukaa na kamati ya maji jioni moja kwa mwezi, akawafundisha kuandika yaliyoingia na yaliyotoka, jambo ambalo kukosekana kwake kumeua kamati nyingi kuliko ukame. Wakati fungu la asilimia 0.3 litakapofika katika vijiji vyenye migodi ya jimbo hili, wajumbe wa wenyeji watakaa mbele ya mawakili na wahasibu wa kampuni, na watahitaji upande wao mtu anayejua kusoma mizania. Watu wa namna hiyo hawaajiriwi na vijiji. Wameajiriwa na benki, na reli, na shule za misheni, na kampuni za usafirishaji. Kuwaazima ni ihsani inayopita gunia la mchele.

Na uko mfano mmoja ambao umenishughulisha zaidi ya yote. Katika miji yetu ya bara, mahali ambapo umeme wa serikali haufiki au hufika kwa bahati, mnara wa simu ndio unaowaka usiku kucha, kwa jenereta au kwa mabamba ya jua na betri zake. Hatua chache kutoka kwenye uzio wake unaweza kukuta zahanati ambamo mkunga humpokea mtoto kwa mwanga wa tochi aliyoibana baina ya shavu na bega, kwa kuwa mikono yake yote miwili ina kazi. Fundi wa mnara humwona mkunga huyo kila siku. Pengine mwanawe alizaliwa mikononi mwake. Anajua kwamba waya wa mita chache, kikatisha umeme kimoja na taa tatu hazitaipunguzia simu ya mtu yeyote nguvu. Anajua namna ya kuuvuta waya huo. Asichokuwa nacho ni idhini, na akiuvuta pasipo idhini atafukuzwa kazi, na kwa haki, maana mtambo si wake.

Idhini hiyo ni barua ya ukurasa mmoja. Itaje zahanati, itaje kiasi cha umeme kitakachotolewa, itaje jina la cheo, si la mtu, atakayeusimamia waya, ili fundi huyu akihamishwa ajaye aukute umo katika kazi zake. Iseme kwamba saa atakazozitumia ni saa za kazi zenye malipo. Na nakala yake iwekwe kwa mganga mkuu wa eneo na nyingine kwa msimamizi wa mji, ili kampuni ikiuzwa, mnunuzi aikute imeandikwa katika madeni aliyoyanunua. Kampuni zilizo na minara katika jimbo la Tanganyika zinaweza kuiandika wiki hii, na mafundi wao watawaambia ni zahanati ipi ianze.